Vibaka hawamalizwi kwa doria peke yake

Mkuu umeuliza idara za halmashauri zinaingiaje kwenye uhalifu wakati polisi wapo. Mi nimekuwa mjumbe wa serikali ya mtaa huku Dar miaka mitano, nakwambia nilichokiona.

Baada ya zile Panya Road za 2022, magenge ya vijana wa mapanga, tulikazana na ulinzi shirikishi, kila kaya buku mbili, vijana wakawa wanapiga doria kweli, ila kuna kichochoro kando ya mtaro watu wanakabwa kila wiki, doria ikipita vibaka wanajificha kwenye pagale, ikiondoka wanatoka. Taa ya pale ilikuwa imekufa. Tunaandika barua, ofisi moja inasema nguzo sio yake, nyingine inasema nguzo yake ila bili sio yake, mwaka ukaisha hivyo hivyo.

Kilichosaidia ni kitu cha kijinga kabisa. Mtendaji wa kata akaacha kuita kikao saa nne asubuhi, akawaita wote saa mbili usiku, pale pale kichochoroni! Wakaja polisi kata, mtu wa barabara, afisa biashara, mipango miji na dada wa maendeleo ya jamii (huyu ndala mkononi, mtaro ulikuwa umefurika). Mchana pale huoni tatizo, usiku bila tochi ya simu hupiti. Yule wa mipango miji akacheki mafaili akampata mwenye pagale, wiki ile ile milango ikazibwa kwa tofali. Mifuniko ya chuma ya mtaro ilikuwa inaibwa kila ikiwekwa, afisa biashara akaulizwa mbele ya wenzake, hawa wanunuzi wa vyuma chakavu leseni si unatoa wewe? Akakaa kimya, lakini kesho yake alikuwa kwenye mizani zao. Na mtu wa barabara akaweka mifuniko ya zege, zege nani atainunua?

Taa nayo ikawaka, baada ya miezi minne. Kukabwa kukapungua sana, sisemi kumeisha.

Kwa vijana ndo tulifeli. Wale wa kijiweni tuliwaunda kikundi wachukue mkopo wa asilimia 10, ile sehemu ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, nne zao, nne za akina mama, mbili za wenye ulemavu, fomu zimejazwa, 2023 mikopo ikasimamishwa nchi nzima. Iliporudi 2024 kikundi hakipo tena. Mmoja wao nilimkuta kituoni, kesi ya simu ya mtu, akaniuliza, "Mjumbe, ile fomu yetu iliishia wapi?"