Kubonyeza kitufe cha kufunga si kufunga valvu

Wadogo zangu mlioingia kazini mwaka huu, pamoja na nyinyi mnaofungasha mabegi kwenda kwenye bomba la mafuta la Hoima, Uganda, hadi Tanga mkidhani kilomita 1,443 za chuma kipya hazina matatizo ya wazee: nimepitia fomu zenu za majaribio ya valvu. Ni safi. Safi mno. Valvu tano zilizotenganishwa na barabara mbovu zimejaribiwa asubuhi moja, kalamu moja, mwandiko haujayumba popote. Nimewahi kujaza fomu kama hizo. Najua zinajazwa wapi: kiti cha mbele cha pikapu, chapati mkono wa kushoto.

Chuo kimewafundisha valvu ya kukata ni nini, ile inayofunga bomba ili mafuta yasipite; zaidi ya hapo sitarudia. Nataka kuzungumzia yale yanayotokea kati ya mtu kubonyeza kitufe na geti, lile bamba la ndani ya valvu, kukaa chini kabisa, maana humo ndimo tunamofia.

1. Skrini ya chumba cha udhibiti haioni valvu, inaona limiti swichi. Rangi inayowatuliza usiku ni taarifa ya kiswichi kilichoko juu ya akchueta, mota inayoisogeza valvu, basi. Shina, kile chuma kinacholishusha geti, likikatika, giaboksi itazunguka, swichi itaguswa, skrini itasema imefunga, na geti lenyewe halijasogea. Ukishafunga, tazama presha za pande zote mbili. Zikiendelea kushuka pamoja, hujafunga kitu.

2. Rudisha swichi kwenye rimoti. Sentensi hiyo ingetosha, lakini juzi nimekuta tena valvu iko lokali, yaani inatii vitufe vyake tu na haisikii amri ya chumba cha udhibiti, na fomu yake ina tiki, kwa hiyo kaeni niwasimulie.

Nilikuwa fundi kijana kwenye bomba linalopanda kutoka pwani kwenda bara. La kampuni gani, haiwasaidii kujua. Valvu yenyewe iko juu ya mteremko. Chini yake kuna bonde na kijito. Bomba likitoboka bondeni, kazi ya valvu ile ni kuyazuia mafuta yaliyoko mlimani yasirudi yote kumwagikia hapo, maana pampu hata zikizimwa, mlima hauzimwi. Bomba la inchi 14 linabeba karibu lita 90,000 kwa kila kilomita. Pigeni hesabu wenyewe.

Ilikuwa masika. Niliiweka valvu lokali, nikaisogeza kidogo, ikaenda na kurudi vizuri, nikatia tiki zangu. Wingu likawa jeusi. Dereva akapiga honi, kwa sababu barabara ile ikilowa gari halitoki mpaka kesho. Tiki ya mwisho, ile ya swichi kurudishwa rimoti, niliitia nikiwa tayari garini. Niliamini nimeirudisha. Mkono ulikuwa umezirudisha valvu nyingine zote kabla ya hiyo, ukasaini kwa mazoea.

Wiki zikapita. Kule kwenye chumba cha udhibiti, kiherufi cha kijivu pembeni mwa alama ya valvu kilikuwa kinasema lokali, shifti baada ya shifti. Kila aliyekikuta alidhani aliyemtangulia anajua sababu. Hakuna aliyenipigia simu kuniuliza, na mimi sikupiga kuuliza.

Kisha wezi wakatoboa bomba kule bondeni usiku, kazi ikawashinda, wakakimbia wakaacha tundu wazi. Presha ikashuka. Mtu wa shifti akafanya kila kitu kama alivyofundishwa: akazima pampu, akatuma amri ya kufunga. Valvu kimya. Akatuma tena. Kimya. Simu ikanijia mimi niliyekuwa zamu ya dharura. Tope, giza, gari linateleza. Tulipovuka bonde, harufu ya dizeli iliingia garini tukiwa na vioo juu.

Nilipanda nikamulika tochi. Swichi: lokali.

Nikabonyeza kitufe cha kufunga palepale kwenye akchueta, na valvu, wallahi, ikafunga. Dakika mbili hivi, laini, bila mkwaruzo. Haikuwa na ugonjwa wowote. Usiku ule wote ilikuwa nzima, inangoja tu mtu aizungushie swichi.

Sasa sikieni sehemu inayonitia haya kuliko hiyo. Nilikuwa peke yangu, dereva amebaki chini. Nikaizungusha swichi mpaka rimoti, halafu ndipo nikapiga simu: "Ilikuwa imekwama, nimeifunga kwa mkono." Nikapongezwa. Asubuhi nilinywa chai na watu walionipongeza.

Kwa sababu ya neno langu, mafundi wawili, mmoja wao rafiki yangu, waliifungua ile giaboksi nzima kutafuta mkwamo. Hawakuupata. Wakaandika kwamba huenda ni unyevu. Wakaanza kupanga kufungua na za valvu nyingine za aina ile. Nami nawapa spana.

Siku ya uchunguzi, mzee wa idara yetu, mtu asiyepandisha sauti hata akikanyagwa, aliweka mezani karatasi kutoka SCADA, mfumo wa kompyuta unaosimamia bomba kutoka mbali. Kila swichi inapogeuzwa, mfumo unaandika saa. Lokali: siku ya jaribio. Rimoti: usiku ule, muda mfupi kabla ya simu yangu. Pembeni akaweka fomu yenye tiki yangu. Akasema, "Haya mwanangu, tuanze upya. Ilikuwaje?"

Nilieleza yote. Adhabu nilipata na nilistahili. Rafiki yangu yule alikaa muda mrefu bila kunisalimia, na hilo ndilo lililoniuma. Wenye mashamba ya bondeni walilipwa fidia, lakini mwenye shamba la mpunga hakutaka hata kuniona nilipotumwa pamoja na timu ya kuchimba udongo uliolowa dizeli, na simlaumu.

Alfajiri ile watu walikuwa wameshaanza kushuka na madumu. Ilikuwa dizeli. Ingekuwa petroli, sijui ningekuwa naandika nini leo. Mnakumbuka Sinai, Nairobi, Septemba 12, 2011: petroli kutoka bomba ikaingia mtaroni, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawakuta humo. Walikufa zaidi ya 100.

Kanuni ni hii tu: fundi haondoki kwenye valvu mpaka chumba cha udhibiti kiisogeze kwa rimoti naye aione kwa macho yake. Na wewe uliyeko kwenye skrini, ukikuta lokali usiyoielewa, piga simu hata kama ni saa tisa usiku. Tutakutukana kidogo, tutaamka.

3. Ukishuku, simamisha. Hamhitaji baraka za meneja. Julai 25, 2010, bomba la mafuta la kampuni ya Enbridge la inchi 30 lilipasuka karibu na Marshall, jimbo la Michigan. Waliokuwa kwenye skrini, Edmonton huko Kanada, walipata alamu. Wakaamua kwamba ni safu ya mafuta tu iliyokatika ndani ya bomba, wakawasha pampu wajaze pengo. Wakawasha na mara ya pili. Zaidi ya saa 17 zilipita, na aliyewaambia ukweli ni mfanyakazi wa kampuni ya gesi ya pale aliyepiga simu kusema anaona mafuta kwenye kijito. Uchunguzi wa NTSB, shirika la Marekani linalochunguza ajali za usafiri, ulikuta kwamba asilimia 81 ya mafuta yaliyomwagika yalitoka wakati wa kuwasha tena. Someni hiyo tena. Bomba lilifanya kosa dogo. Sisi watu wa skrini tukalimalizia.

Siku hizi kanuni za Marekani, tangu 2022, zinataka valvu za mabomba mapya ya inchi 6 na kuendelea zifungwe ndani ya dakika 30 tangu mpasuko utambuliwe. Ni hatua nzuri, ila saa inaanza kuhesabiwa mtu akishakubali kwamba kuna mpasuko. Mbishi anaweza kubishana na alamu mpaka kuche, na bado akawa ndani ya dakika 30. Hilo hakuna valvu ya kulitibu.

4. Ila msifunge kwa pupa. Pampu kwanza, valvu baadaye, kwa mwendo uliopangwa. Mafuta ndani ya bomba la chuma, kila mita moja kwa sekunde ya mwendo unayoisimamisha ghafla inakurudishia karibu baa 8 za presha, na wimbi hilo linasafiri kama kilomita moja kwa sekunde kutafuta pahali dhaifu. Bellingham, jimbo la Washington, Juni 10, 1999, lilipapata. Valvu ilijifunga kituoni wakati mafuta yanakuja, valvu ya kupunguza presha haikuwa imesetiwa sawasawa, na mbele kulikuwa na bomba lililojeruhiwa na mashine za kuchimba miaka mitano nyuma. Karibu lita 900,000 za petroli ziliingia kijitoni. Walikufa watatu, wawili wao watoto wa miaka 10. Na muda uleule kompyuta za SCADA zilikuwa zimekuwa nzito kwa sababu mtu alikuwa anafanyia marekebisho kwenye mfumo unaoendesha bomba. Wewe dogo wa TEHAMA unayependa "kujaribu kitu kidogo" saa za kazi, hiyo ni yako.

Kwa hiyo ukimwona fundi anapunguza muda wa kufunga kwenye akchueta ili jaribio lake liishe haraka, mnyang'anye bisibisi.

5. Madogo madogo. Jampa, yaani waya uliouweka kuiruka intaloki (kinga inayozuia mtambo kufanya jambo la hatari), iandikwe kwenye kitabu cha shifti na itolewe na wewe uliyeiweka. Betri za redio kule porini zipimwe zikiwa na mzigo, siyo zikiwa zimepumzika. Paneli za sola huibiwa, kwa hiyo usiseme "mawasiliano mabovu" kabla hujaenda kuangalia kama paneli ipo. Gusa mashimo ya valvu kwa fimbo kabla ya mguu; nyoka hawasomi kibali cha kazi. Marekani valvu hukaguliwa angalau mara mbili kwa mwaka, pengo lisizidi miezi 7 na nusu, na sioni kwa nini chuma chetu kivumilie zaidi ya chao.

6. Funguo. Unaweza kuwa na umeme, redio, akchueta nzima na swichi iko rimoti, halafu siku rimoti inapogoma ukasimamishwa na kufuli la geti la uzio. Kila geti la uzio wa valvu lina kufuli moja la kampuni, na funguo zake ziko kituoni, kwenye gari la dharura na kwa mlinzi. Yeyote aliyeweka kufuli lake binafsi kwenye geti la uzio wa valvu ya mtoni kisha akaenda likizo Moshi na ufunguo mfukoni: tumeshalikata. Bei ya kufuli jipya utaikuta kwenye mshahara wako.