Jibu kuhusu shamba la ushirika pande za Rongai

Ndugu yangu, umeuliza kama ninyi 12 mnaweza kununua ekari 8 pande za Rongai, Nakuru, na hati miliki ikaandikwa kwa muda jina la mwenyekiti. Msithubutu. Watu 10 wanatosha kusajili chama cha ushirika, nacho kikishasajiliwa humiliki ardhi kwa jina lake chenyewe, hata mwanachama akifariki au akijiondoa. Kwa kuwa hilo ni shamba la kilimo, ombi la idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi (Land Control Board) lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba kutiwa saini, la sivyo mkataba hubatilika.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi, ambalo hukuligusa, ni maji. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina madini ya floraidi kupita kiasi, ndiyo maana utaona watoto wa huko wenye meno ya rangi ya kahawia. Basi pelekeni chupa ya maji ya kisima cha shamba hilo kwenye maabara kabla ya kulipa hata shilingi ya arubuni, na floraidi ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, bajeti ya matangi ya maji ya mvua itangulie ile ya nyumba.