Ori na Hollow Knight, nani kamkopi nani

Kaka unayesema gemu ya Ori imekopi gemu ya Hollow Knight, hapana, haijakopi, maana Ori ya kwanza imetoka Machi 2015 na Hollow Knight imekuja Februari 2017. Labda unaichanganya na Ori ya pili ya 2020, hiyo kweli ina vitu vinavyofanana na Hollow Knight, kuna shadi, yaani vitu unavyovaa kujiongezea uwezo, kama zile chamu za Hollow Knight, na kuna jamaa anakuuzia ramani. Nimezicheza zote na uchezaji wenyewe uko mbali kabisa, Ori ya kwanza unasevu popote ukiwa na nishati na ramani inajifungua yenyewe unavyotembea, ila Hollow Knight unaingia eneo jipya huna ramani, mpaka umtafute Cornifer, mchora ramani anayeimbaimba huko pembeni, uinunue kwake, halafu ununue na kalamu, na bila kuvaa chamu ya dira hata hujui umesimama wapi, na ramani haiongezeki mpaka ukae kwenye benchi la kupumzikia na kusevu. Ukifa hela zako unaziacha palepale kwenye kivuli chako, mzuka unaobaki ulipofia, ukifa tena kabla hujakipiga basi zimekwenda zote. Wengine inawaudhi, mimi ndo utamu wenyewe.

Ila wa vibanda vya gemu za PS4 (PlayStation 4) huku Ngamiani, Tanga, msihangaike na Ori, haipo PlayStation, ni Xbox, kompyuta na Switch tu. Hollow Knight ipo, na gemu nyingine ya aina hii, Prince of Persia The Lost Crown, pia ipo, ile unapiga picha ya sehemu iliyokushinda inabaki kwenye ramani.