Jibu: Binti yangu hukerwa na nguo na huangukaanguka

Dada, umeuliza kama binti yako wa miaka 7 kukerwa na lebo ya shati na kuangukaanguka, hasa umeme ukikatika, ni tatizo moja. Si lazima, ila mambo hayo hukutana mara nyingi kwa watoto wenye dispraksia (ugumu wa ubongo kupanga na kuratibu mienendo ya mwili), hali inayokadiriwa kuwapata watoto 5 au 6 katika kila 100 wa umri wa shule.

Mwili husimama wima kwa taarifa za macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo, misuli na viungo. Wengi wa watoto hawa hutegemea mno macho, kwa hiyo gizani huyumba. Usimgombeze "angalia unakokwenda". Huenda tayari anaangalia kuliko wenzake!

Mwache acheze pekupeku mchangani, asimame kwa mguu mmoja akigusa ukuta. Lebo kata tu, hiyo si deko. Ukimshika, mshike imara akikuona; mguso mwepesi wa ghafla ndio huwakera wengi.

Kwa uchunguzi, ulizia mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani anayemsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku (fani hiyo hufundishwa hospitali ya KCMC, Moshi). Ila kama kuanguka kumeanza ghafla, wahi hospitali kwanza.