Mazoezi ya mwendo katika vichochoro vya Mji Mkongwe

Kwa anayetaka kuufanyisha mwili mazoezi ya mwendo mjini, Mji Mkongwe wa Unguja umejaa kona, ngazi za milangoni, mabaraza (viti virefu vya mawe vilivyojengwa kwenye kuta za nyumba) na njia zinazobana na kupanuka bila taarifa.

Anzeni saa moja asubuhi, mkitokea bustani ya Forodhani, ufukweni. Saa hizo maduka mengi ya mtaa wa Gizenga hayajafunguliwa na vespa ni chache. Mkitaka utulivu zaidi, ingieni mtaa wa Kiponda. Ijumaa mchana acheni kabisa, njia za misikitini zinajaa.

Kundi lisizidi watu sita. Vichochoro vingi hupitisha watu wawili tu bega kwa bega, kwa hiyo mkiwa kumi na tano mnamzibia hamali na mkokoteni wake, na mama anayerudi na kikapu kutoka soko la Darajani. Hao wana haki ya njia kuliko ninyi.

Dakika kumi za mwanzo ni kutembea tu: hatua nne ukivuta pumzi, nne ukiitoa. Wengi hukaza mabega na kutazama miguu wakiogopa kujikwaa, shingo ikachoka mapema. Macho yatangulie hatua tano au sita mbele.

Kisha gawanyikeni wawili wawili. Wa nyuma amfuate mwenzake kwa umbali wa hatua tatu, akiiga mwendo, mikono, kuinama na kusimama. Kwenye kila kona simameni, sikilizeni, badilishaneni uongozi. Vespa utaisikia kabla hujaiona, lakini baiskeli huja kimya.

Sehemu tamu kuliko zote ni baraza. Masika, njia zikijaa maji, watu hupita juu ya mabaraza, kwa hiyo zoezi hili limetoka hapa hapa. Panda kwa mguu mmoja, uzito wote uhamie juu kabla hujanyanyua mguu wa chini. Tembea magoti yakiwa yamelegea kidogo. Mwisho wa baraza shuka, usiruke: mbele ya wayo iguse chini kwanza, goti likunjike, kisigino kifuate. Anayetua kwa kisigino, goti likiwa limenyooka, pigo lote linampanda hadi kiunoni. Shuka mara nane kwa mguu wa kulia, nane kwa wa kushoto, nawe utaujua mguu wako dhaifu.

Lakini baraza lina mwenyewe. Wakikaa wazee, au bao likichezwa, piteni chini na mtoe salamu. Likiwa tupu, pigeni hodi na muombe ruhusa. Mkikataliwa, shukuruni mwende zenu. Vaeni nguo za kufunika mabega na magoti, na msipige watu picha bila idhini yao.

Ukuta usiusukume kwa mguu wala kujirusha juu yake. Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na plasta iliyokwisha kushika unyevu hubanduka kwa pigo dogo. Mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000, na bado sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la kale la masultani, iliporomoka Desemba 2020. Tusiongeze nyufa.

Viatu viwe raba za soli nyembamba, maana ndara huchomoka wakati wa kushuka. Baada ya mvua, pitisha kiganja juu ya baraza kwanza. Kikiteleza kwa ukungu wa kijani, ahirisheni kupanda na kushuka, mfanye zoezi la kufuatana peke yake.