Mama hataki harusi yangu ifanyike baharini, nifanyeje?

"Shangazi shkamoo. Mimi ni binti wa miaka 27, wa Unguja, nimechumbiwa na kijana ambaye wazee wake ni wa huku ila yeye amekulia Muscat. Anakuja likizo mwezi wa nne na tumepanga nikaha na sherehe vyote vifanyike kwenye jahazi, mbele ya Mji Mkongwe wakati jua linazama, watu 80 tu wa familia, na chakula cha usiku humohumo mpaka saa nne. Baba nikimuuliza anasema muulize mamaako. Mama kagoma kabisa, tangu mdogo wake alipopotea kwenye ile meli ya 2011 hajapanda chombo. Mchumba wangu anasema mama anatuharibia siku yetu, na mabibi wote nyumbani wako upande wa mama. Mwenye jahazi anataka advansi Ijumaa. Nalia kila siku. Nisaidie."

Marahaba mwanangu, na pole sana, manake najua kuchumbiwa ni furaha na wewe furaha yenyewe huioni saa hizi.

Nianze na mama. Wewe umemuweka katikati ya barua, baada ya jua kuzama na kabla ya advansi, ila mimi nilipofika hapo ndo nikasimama. Ile meli ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaza watu kupita kiasi, na mwaka haujatimia, Julai 2012, ikazama nyengine karibu na Chumbe. Nyumba ngapi visiwani zilikaa matanga bila maiti ya kuzika, na mamaako ni mmoja wa hao, mdogo wake "kapotea" kama ulivyoandika mwenyewe, hakuzikwa. Sasa mtu huyo unamwambia aje akae masaa kama matano kwenye chombo, usiku, na watu 80, na mwanawe ndani, halafu ashangilie. Haharibu siku yako mwanangu, anaogopa, na hajapata mtu wa kukaa naye akamsikiliza, kila anayemfuata anaenda kumbembeleza akubali.

Kwa hiyo nenda peke yako, usiende na mchumba wala usimuweke kwenye spika ya simu. Muulize habari za huyo mdogo wake, alikuwa mtu wa namna gani, alikuwa anaenda kufanya nini Pemba siku ile, na umwache aseme mpaka amalize hata kama ni mpaka usiku. Habari za harusi ziache siku hiyo.

Sasa jahazi lenyewe. Nikaha baharini inasihi, hilo lisikutie wasiwasi, inataka walii, mashahidi wawili, ijabu na kabuli, yaani walii kuozesha na bwana harusi kukubali, mahala si nguzo, na sheikh wenu atakwambia hivyohivyo. Tatizo ni mipango mliyoipanga na samahani nitasema wazi, mmeipanga kwa picha za kwenye simu.

Mwezi wa nne ni masika. Mvua za mwezi wa nne Unguja unazijua, zinaweza kunya siku nzima na hapo ndo upepo unageuka, kaskazi imeondoka na kusi inaingia. Kama mnataka bahari ya kuaminika kidogo basi Januari na Februari wakati wa kaskazi, au Julai mpaka Septemba, kusi inavuma kweli lakini upande wa Mji Mkongwe kisiwa kinawakinga, si kama Paje au Jambiani, pwani ya mashariki, huko unakula upepo wote wa uso, na maji yakipwa vyombo vinakaa mchangani.

Halafu maji. Siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, kwetu maji hujaa mida ya saa kumi alasiri na kupwa mida ya saa nne usiku, na tofauti ya kujaa na kupwa inafika mita nne hivi. Kwa hiyo mkiangukia siku hizo, kupanda mtapanda vizuri tu, bibi atanyanyuliwa kutoka kwenye kidau na kila mtu atacheka, lakini hiyo saa nne yenu ya kumaliza chakula ndo maji yameondoka yote, jahazi halisogei ufukweni, na wazee wenye magoti mabovu watashushwa gizani watembee kwenye matope na mawe na nguo za harusi. Hili huliambiwi na mtu anayetaka advansi.

Na choo? Muulize mwenye jahazi choo kiko wapi. Majahazi mengi hayana, na hapo una mabibi wenye sukari, una wajawazito, una watoto, masaa yote hayo. Maji ya kutawadhia je, manake jua likizama ni magharibi imeingia, watu 80 wataswali wapi kwenye chombo kinachoyumba? Wengine watakuwa wamelala pembeni wanatapika biriani, na hapo utatafutwa wewe bi harusi utoe ndimu na tangawizi.

Hao 80 pia wahesabu tena, umewaweka mabaharia? Mpiga picha na msaidizi wake, wapishi, watoto wa kupakatwa ambao hakuna anayewahesabu? Kila chombo cha abiria kina idadi yake iliyoandikwa kwenye cheti, na mambo hayo yako chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, mwambie mwenye jahazi akuoneshe hiyo karatasi kwa macho yako na laifu jaketi uzione moja moja za watu wazima na za watoto. Na hata idadi ikitimia kuna jambo moja naliogopa khasa kwenye harusi. Bi harusi akitokeza, watu wote wananyanyuka na simu na kukimbilia upande mmoja kupiga picha, na tanga limeshashika upepo chombo tayari kimelala upande huohuo. Nahodha anapiga kelele kaeni chini kaeni chini na hakuna anayemsikia kwa vigelegele. Abiria wa kawaida atakaa akiambiwa, watu wa harusi hawakai.

Mimi ningekuwa wewe ningefanya hivi. Nikaha iwe nchi kavu, msikiti wa mtaani kwenu au nyumbani, baada ya alasiri kama kawaida ya watu wetu, na usiku ule uwe wa ndani, bwana harusi aje alipe fungua mlango, aingie, atoe kipa mkono, zawadi yako wewe bi harusi, hayo yanataka chumba na mkeka na mabibi waliokaa chini kwa raha zao, na yanamtaka mamaako awepo hapo anakushika bega. Wali uliwe nyumbani. Siku ya pili yake ndo mpande jahazi, wewe na mumeo na vijana wenye hamu, ishirini tu au thelathini, saa kumi mmetoka, tanga juu, mpite mbele ya Forodhani na Ngome Kongwe, jua likielekea kuzama mnapiga picha zenu, na magharibi mko nchi kavu. Chakula chepesi, visheti, sambusa, halua na kahawa, hakuna kuwasha mkaa chomboni. Siku ya harusi mama hakosekani na jahazi unalipata.

Huenda mama akaogopa hata hiyo safari fupi. Muoneshe cheti, kama kuna mzee wa familia anayejua bahari aende akalikague jahazi kabla, ashuke mpaka ngamani, chini kabisa ya chombo, aone linavuja kiasi gani. Akishaona hayo na bado moyo wake haujatulia, hapo mimi naona utakuwa mke wa mtu na hiyo safari ni yenu wawili, nendeni, ila mwambie saa ya kutoka na saa ya kurudi na ukikanyaga mchanga tu mpigie kabla hujapandisha picha popote.

Mchumba wako nataka umwambie maneno mawili. Amekulia Oman, na watu wa kule bahari wanaijua, Sur mpaka leo inajulikana kwa kuunda majahazi, akiwauliza wazee wake watamwambia mtu aliyepoteza ndugu baharini hasemwi kuwa anaharibu sherehe. Arudishe hilo neno, na amrudishie mama mwenyewe kwa mdomo wake, si kwa meseji. Kijana mwenye adabu halimshindi hili, na likimshinda niandikie tena kabla ya nikaha si baada.

Advansi ya Ijumaa usitoe. Mwambie mwenye jahazi mnabadilisha tarehe na idadi, na mtaandikishana kwa maandishi kwamba nahodha akisema leo hatutoki basi hamtoki, na hela yenu inarudi au inahamia siku nyengine bila kudaiana. Akikubali haraka bila manung'uniko huyo ni wa kufanya naye kazi, akianza kusema upepo si kitu tafuta mwengine, bandari nzima imejaa vyombo. Na mchumba mpigie leo leo mwanangu, manake likizo ya mwezi wa nne akishaidhinishiwa kazini kuibadilisha itakuwa shughuli nyengine.