Matete peke yake hayasafishi maji ya banda

Mzee jirani yangu wa bondeni alinijia asubuhi moja ya Januari, akasimama nje ya banda, kofia mkononi. Hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, ng'ombe wangu wameanza kuyakataa maji ya mfongo."

Kwa msiotoka huku Kilimanjaro, mfongo ni mfereji tuliorithi kwa mababu. Maji yanachepushwa mtoni huko juu, yanashuka kihamba hadi kihamba, yaani shamba la nyumbani la kila ukoo, na kila kaya ina zamu yake. Kinachoingia mfongoni kwangu kinamfikia yeye kabla jua halijapanda. Na kwangu kilikuwa kinaingia kila siku kitu kimoja, maji ya kuoshea banda la nguruwe 14. Niliona haya ambayo sijaisahau. Huyo mzee ndiye aliyenipa mbegu za kwanza za migomba nilipohamia hapa.

Nilikuwa nimesikia kwamba matete husafisha majitaka, basi nikakimbilia huko. Nikachimba shimo chini ya banda, nikaelekeza maji yote humo, nikapanda matete niliyoyang'oa kandokando ya mto. Wiki ya pili ncha zilianza kuwa manjano. Wiki ya nne yalikuwa yameoza, na shimo linanuka kuliko banda lenyewe.

Sababu niliielewa baadaye, na ndiyo ninayotaka uondoke nayo leo kama unafuga. Mkojo wa mifugo hugeuka amonia upesi sana, na amonia ikizidi huunguza mizizi, kama vile mbolea ya chumvichumvi inavyounguza mche mchanga ukiimwaga shinani. Kinyesi kibichi nacho kinapooza humaliza oksijeni yote majini. Maji ya banda la nguruwe yanaweza kuwa makali mara 10 au zaidi ya majitaka ya kawaida ya nyumbani. Hakuna jani litakalostahimili hayo. Mimea ya majini husafisha maji ambayo kinyesi kimeshatolewa. Kinyesi chenyewe utakitoa wewe.

Kilichonifungua macho ni mabwawa ya majitaka ya mji wa Moshi, kule Mabogini. Majitaka hukaa kwanza kwenye mabwawa ya wazi, yanatuama, yanapigwa na jua. Matete yako mwishoni kabisa. Mimi nilikuwa nimeyaweka mwanzoni.

Kwa hiyo nilianza upya, na nilianza na koleo. Zamani tulikuwa tunamwaga maji bandani mpaka kinyesi kiondoke chenyewe. Sasa tunakikwangua kwanza kikiwa kikavu, tunakipakia kwenye toroli hadi kwenye mboji, ndipo tunaosha. Nilihesabu ndoo za lita 20. Kutoka ndoo 30 kwa siku tulishuka hadi 15. Lita 300 badala ya 600, na maji yenyewe mepesi zaidi. Hatua hii haikunigharimu kitu, na kama ungefuata moja tu kati ya yote ninayoyasema hapa, ningeomba iwe hiyo. Kama una mtambo wa biogesi, kipeleke kinyesi huko badala ya kwenye mboji, lakini kumbuka kwamba tope linalotoka kwenye mtambo bado lina amonia nyingi. Gesi kutoka haina maana kwamba maji yamekuwa safi.

Baada ya banda kuna karo la kutuama lenye vyumba viwili, ujazo wa lita 1,500, yaani maji ya siku 5. Mazito yanazama, mafuta na makapi yanaelea, na maji ya katikati ndiyo yanayopita kwenye bomba. Tope nalitoa kila baada ya miezi michache.

Halafu ndiyo kitanda cha kokoto. Changu kina urefu wa mita 8, upana mita 2 na kina cha sentimeta 60. Chini nimetandika nailoni nzito ili maji yasizame ardhini kuelekea visima vya watu. Kwenye kuingilia na kutokea nimeweka mawe makubwa, katikati kokoto za ukubwa wa kati ya milimita 10 na 20, zilizooshwa. Msikilize vizuri fundi akikuambia mchanga ni rahisi zaidi, kisha ukatae. Mchanga huziba. Kwenye kutokea funga bomba lenye kona inayozungushika, uweze kupandisha na kushusha kina cha maji. Hakikisha maji yanabaki sentimeta 5 chini ya uso wa kokoto. Hapo mbu hana pa kutagia na harufu haipandi. Kokoto zinachukua nafasi kubwa, hivyo ndani yake huingia kama lita 3,000 tu za maji, na kwa lita 300 za kila siku yanakaa humo takriban siku 10.

Matete niliyapanda kwa vipande vya mizizi vyenye macho, vinne kwa kila mita ya mraba, na mwezi wa kwanza sikuyapa kitu ila maji safi. Mwezi wa pili robo ya maji ya karo, robo tatu maji safi. Niliongeza polepole hadi mwezi wa nne. Unaona muda ulivyo mrefu? Lakini mizizi inahitaji muda kushika, na bakteria wanahitaji muda zaidi. Wao ndio wafanyakazi wenyewe. Wanajibandika kwenye kokoto na kwenye mizizi, wanakula uchafu, wanageuza amonia. Tete linawapelekea hewa kupitia shina lake lenye uwazi, linawapa makazi, na lenyewe linachukua sehemu ya naitrojeni na fosforasi.

Sehemu hiyo lazima uivune. Usipoyakata, majani yanakauka, yanaanguka, yanaoza, na virutubisho vinarudi palepale vilipotoka. Mimi huyakata kabla ya masika na kuyatandaza kihambani chini ya migomba na kahawa.

Mwisho kuna kibwawa kidogo cha lemna, vile vijani vinavyoelea vidogo kama punje za mtama. Kwenye maji yenye virutubisho na jua, lemna inaweza kuongezeka maradufu kwa siku mbili tatu. Naiopoa kwa chujio mara mbili kwa wiki, naianika, kuku wanaipenda, na ina protini nyingi. Nguruwe siwapi. Mayai ya minyoo yaliyotoka kwao yasirudi kwao. Watu huniuliza kuhusu azola, mmea mwingine mdogo unaoelea. Ni lishe nzuri, lakini azola hujitafutia naitrojeni hewani kwa msaada wa viumbe wanaoishi ndani ya majani yake, hivyo kwa kazi ya kuondoa naitrojeni majini naona lemna ni bora.

Magugumaji naomba usiyaguse. Ni kweli yanasafisha, na mizizi yake ni mizuri kwa kazi hii. Ila yalitoka Amerika ya Kusini yakaingia Ziwa Victoria, na tangu mwisho wa miaka ya 1980 wavuvi wa kule wanajua yalichowafanyia. Maji ya mlimani kwetu yanashuka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu. Mvua moja kubwa, shina moja likachukuliwa na maji, na watu ambao hata hawakujui watalipia.

Mvua nayo ilinifunza. Masika ya kwanza, maji ya paa la banda yaliingia kwenye karo, likafurika, tope likaingia kwenye kokoto, na theluthi ya mwanzo ya kitanda ikaziba. Tulifukua na kuosha kokoto kwa mikono siku tatu. Weka mfereji wa paa kabla hujachimba chochote. Na dawa kali za kuua vijidudu unazopulizia bandani, hasa wakati wa hofu ya homa ya nguruwe, usiache ziende kwenye karo. Zinaua bakteria wako wote. Mimi nina bomba la pembeni linalopeleka maji ya siku hizo kwenye shimo lake.

Choo cha watu kisiungwe humo hata kidogo. Mayai ya tegu wa nguruwe hutoka kwenye kinyesi cha binadamu, na hutaki yafike karibu na banda.

Kila mwezi nachota chupa tatu za kioo: moja kutoka kwenye karo, moja kwenye kutokea kwa kitanda, moja kibwawani. Naziweka dirishani. Macho na pua vinakuambia mengi, lakini maji yakionekana maangavu bado yanaweza kubeba vijidudu, kwa hiyo nimewahi kupeleka sampuli maabara, na maji yangu hayamwagiliwi mchicha wala kitu chochote kinacholiwa kibichi.

Kama una nguruwe wawili watatu, usijenge haya yote. Tandika maranda mengi bandani, yanyonye mkojo, kisha yageuze mboji. Utakuwa na maji machache sana ya kuhangaika nayo.

Yangu yanaishia kwenye visahani vya migomba, upande wa juu wa shamba, mbali na mfereji. Mzee alipoziona chupa dirishani aliniuliza kwa nini siyarudishi mfongoni siku hizi, maana yanaonekana mazuri. Nilimwambia hapana, baba. Mfongo unabaki kuwa wa maji ya mlimani.